Kuwapeleka wanafunzi Hifadhi ya Saadani: naomba ushauri kuhusu mto, ufukwe na siku ya kwenda

Mwalimu wa Dunda ameandika:

Ndugu zangu, salaam.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bagamoyo, na nilihamia huku mwaka jana nikitokea Mwanza. Kule nilizoea kuwapeleka wanafunzi Kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Pamoja na maji yanayokizunguka, eneo lake ni kilomita za mraba 2.18 tu, na kimekaa karibu sana na mji, kiasi kwamba boti hufika kabla watoto hawajamaliza kugombania viti. Tulikuwa tukivuka asubuhi, watoto wakapanda mawe, wakatazama pimbi na swala, wakala chakula chao chini ya miti, na jioni kila mmoja akawa kwao. Ziwa tuliliacha asubuhi mahali pake na jioni tukalikuta palepale.

Sasa wazazi wa darasa la sita wameniomba niandae safari ya namna hiyo kwenda Saadani wakati wa mapumziko ya Septemba. Wanafunzi ni 38, na tutakuwa walimu wanne pamoja na wazazi wawili. Nilipowauliza watoto hawa twiga wa karibu yuko wapi, walinitajia Mikumi na Serengeti, na hakuna hata mmoja aliyeitaja Saadani, ingawa sehemu yake imo ndani ya wilaya yao wenyewe. Jambo hilo liliniuma, na ndiyo sababu nataka safari hii ifanyike na ifanyike vizuri.

Ratiba niliyoandika ni hii: tuondoke Bagamoyo saa kumi na mbili asubuhi, tuzunguke kuona wanyama hadi saa tano, tupande boti katika Mto Wami mchana, watoto waogelee ufukwe wa Madete, halafu tumalizie Kisiwa cha Maziwe kabla ya kurudi jioni. Je, ratiba hii inatekelezeka kwa siku moja? Na kama tutalazimika kulala, je, mahema yanafaa kwa watoto wa umri huu?

Mpiga Pondo amejibu:

Mwalimu, hongera kwa moyo huo. Nimeendesha boti katika mlango wa Wami kwa miaka kumi na miwili, kwa hiyo nitaanza na hilo la mto, na utaniwia radhi nikirefusha maneno.

Ratiba yako umeipanga kwa saa ya ukutani, na kwa Ziwa Victoria ilitosha. Huku kwetu bahari ina saa yake, nayo hubadilika kila siku, kwa sababu maji huchelewa kama dakika hamsini kila siku iendayo kwa Mungu. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pwani yetu hii maji hujaa kabisa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa yapata saa nne asubuhi na kupwa yapata saa kumi alasiri, na wala hayajai sana wala hayapwi sana. Mvuvi yeyote hapo Dunda atakuambia hivyo hivyo.

Ukitaka kuingia Wami na watoto, chagua juma la maji mafu. Mtaingia mtoni saa mbili asubuhi maji yakiwa yanapanda, mtasukumwa nayo taratibu kuelekea juu, na yakianza kurudi mtashuka nayo. Kingo zote mbili za mlango ni mikoko mitupu, na watoto waonyeshwe tofauti zake: mkoko wenyewe unaosimama kwa mizizi kama miguu ya buibui, mchu unaochomoza vijiti kutoka kwenye tope ili upumue, na mlilana ulio mbele zaidi kuelekea baharini. Mkipanda kidogo mikoko hupungua, na hapo ndipo mnapoanza kuona viboko, mamba walioanikwa kwenye matope, mbega juu ya miti ya ukingoni, mdiria wanaopiga mbizi, na furukombe ambaye mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona.

Nitakueleza kisa kimoja ili unielewe kwa nini naisisitiza hii habari ya maji. Mwaka mmoja nilikuwa nimeajiriwa na watu wa utalii, tukatoka na wageni alfajiri siku ya bamvua. Tulipaswa kuwa tumeshatoka mlangoni saa moja na nusu, lakini wageni waliomba tukae zaidi kwenye viboko, nami nikakubali kwa kuhofia kibarua changu. Saa mbili tulipofika mlangoni, boti ilipanda fungu la mchanga na maji yakatuacha hapo. Ndani ya nusu saa tulikuwa tumekaa juu ya ardhi kavu, tope limetuzunguka pande zote, na kaa wale wenye gando moja kubwa wakaanza kutoka mashimoni kwa mamia. Kulikuwa na mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akililia maji ya kunywa, na chupa zilikuwa zimekwisha. Kiboko mmoja alibaki kwenye kina cha mkondo, hatua kama mia kutoka kwetu, akitutazama kwa macho na masikio tu. Kushuka na kutembea hakukuwezekana, kwa kuwa tope lile humeza mtu hadi mapajani. Tulikaa hadi saa sita maji yalipotuinua. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliyajua maji na nikanyamaza.

Kwa hiyo, watoto 38 uwagawe katika makundi manne, muwe na boti mbili, kila boti iende mara mbili kati ya saa mbili na saa sita. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha, si la mtu mzima lililokazwa kwa kamba. Asisimame mtu, usiingizwe mkono majini, na nahodha asikubali hata kwa kuombwa kujiweka kati ya kiboko na kina chake, kwa maana kiboko akishtuka hukimbilia kina, na chochote kilicho njiani hukipindua.

Binti wa Ushongo amejibu:

Mwalimu, salaam kutoka upande wa Pangani. Ningependa kurekebisha jambo moja katika ratiba yako: Kisiwa cha Maziwe hakimo katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Saadani iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, ilhali Maziwe ni eneo tengefu la bahari lililo chini ya mamlaka nyingine, yenye kiingilio chake. Huendewa kwa boti kutoka Pangani au Ushongo, huku kwetu. Kutoka mlango wa Wami hadi huku ni safari nyingine kabisa.

Isitoshe, Maziwe na Wami haviendi siku moja hata kama ungekuwa na boti ya kasi. Maziwe ni fungu la mchanga katikati ya bahari ambalo huzama maji yakijaa sana na kuonekana yakipwa, kwa hiyo wakati mzuri wa kukifikia ni asubuhi za bamvua, na Mpiga Pondo ameshakwambia kwamba mto unataka maji mafu. Lakini historia ya kisiwa kile wanafunzi wako wanastahili kuijua. Zamani Maziwe ilikuwa na mivinje, na kasa walitaga hapo kwa wingi. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa kitu cha kuushika, mawimbi yakauchukua, na leo hakuna kilichobaki ila mchanga mweupe na matumbawe pembeni yake. Kasa bado hupanda kutaga hapo, kwa maana jike hurudi kutaga katika eneo alikozaliwa, lakini mayai yakiachwa bamvua litayafunika. Ndiyo maana huhamishwa na kufukiwa ufukweni Ushongo, mahali ambapo maji hayafiki.

Madete, hiyo ndiyo iliyomo ndani ya Saadani, upande wa kaskazini kuelekea Mkwaja, na ni mojawapo ya fukwe chache za bara ambako kasa wa kijani bado hutaga kwa usalama. Jike huchimba usiku, hutaga mayai mia na zaidi, huyafukia, na harudi tena kuyatazama. Yapata miezi miwili baadaye, vitoto huanguliwa. Joto la mchanga ndilo linaloamua kama watakuwa majike au madume: mchanga wenye joto zaidi huzaa majike. Niliwahi kukaa kando ya shimo moja jioni, na kwa muda mrefu hapakuwa na chochote, halafu mchanga ukaanza kudidimia katikati kama unga unaoshuka kwenye chekeche. Kikatokea kichwa kimoja cheusi, kikatulia. Baada ya hapo walimiminika wote kwa pamoja, kila mmoja akiwa na ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, wakaufuata mwanga wa bahari bila kufundishwa na mtu.

Ukibahatika kuyaona hayo, nakusihi uwazuie watoto wasiwabebe kuwapeleka majini hata kama ni kwa huruma, na pasiwashwe tochi wala simu, kwa sababu kitoto cha kasa hudhani taa ni bahari na kuifuata hadi kinakufa nchi kavu. Usiwaahidi watoto kwamba watamwona, kwa maana kasa hafuati kalenda ya shule. Waulize askari wa hifadhi siku mtakapofika kama kuna kiota kinachokaribia.

Kuhusu kuogelea: karibu na mlango wa Wami msithubutu. Maji yana rangi ya tope, hayaonekani chini, na mamba na viboko hawajui kwamba mto umeishia wapi. Madete pana afadhali, lakini hata hapo ni kwa idhini ya askari mtakayekuwa naye.

Mzee wa Miono amejibu:

Wenzangu wamelieleza vizuri suala la maji. Mimi nitasema juu ya nchi kavu, kwa kuwa nilitumikia eneo lile tangu likiwa pori la akiba, kabla halijawa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Mwalimu, umechagua Septemba, na ni chaguo jema. Sehemu kubwa ya Saadani ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi hukauka na kupasuka, gari linapita, lakini wakati wa masika, Aprili na Mei hasa, udongo huo hugeuka gundi na hata gari lenye nguvu hulala njiani. Kutoka Bagamoyo mnaweza kupitia Makurunge, nayo ndiyo njia ya karibu. Ile ya kuzunguka Msata, Mandera na Miono ni ndefu, na kutoka Mandera peke yake kuna kilomita 60 hivi. Siku mbili kabla ya safari mpigie simu mtu wa hifadhi umuulize hali ya njia, kwa kuwa barabara ya pwani ya kuelekea Pangani na Tanga imekuwa katika ujenzi na michepuko yake hubadilika.

Hifadhi ina kilomita za mraba zipatazo 1,100, kwa hiyo usitarajie kuizunguka kama ulivyozunguka Saanane. Humo mna twiga, nyati, ngiri, kongoni, kuro, tohe, tembo na simba, lakini tembo na simba wa Saadani ni wenye aibu kuliko wa Mikumi, na watoto waandaliwe kwa hilo. Ninachokipenda mimi ni kwamba Saadani ndiyo hifadhi ya taifa ambayo pori lake linafika mpaka ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Nimewahi kufuata nyayo za tembo zikitoka kwenye mikwaju, zikapita juu ya mstari wa mwani ulioachwa na maji, zikaenda sambamba na bahari kwa mwendo mrefu, kisha zikarudi porini.

Wakati kundi moja liko mtoni, walio nchi kavu wasikae bure. Wapelekwe kwenye mashamba ya chumvi yaliyo karibu na kijiji cha Saadani, ambako mara nyingine heroe husimama katika vidimbwi kwa makundi, na waelezwe jinsi maji ya bahari yanavyokaushwa kwa jua. Waelezwe pia kwamba kijiji hicho wanachokiona kidogo kilikuwa bandari ya misafara katika karne ya 19, kikishindana na Bagamoyo yao, na kwamba Bwana Heri wa Saadani alipigana na Wajerumani tangu vita vya 1888 na hakujisalimisha hadi 1890, baada ya Abushiri kuwa ameshanyongwa Pangani. Watoto wa Bagamoyo wanamjua Abushiri, lakini Bwana Heri wengi hawamjui.

Kwa siku moja hamtaweza. Laleni usiku mmoja, na kwa safari ya kwanza sikushauri mahema. Mahema yanaruhusiwa katika maeneo yaliyotengwa, na kwa watu wazima hakuna usingizi mtamu kama ule, lakini mtoto wa miaka kumi na mmoja akibanwa na mkojo saa nane usiku hatamwamsha mwalimu, atatoka peke yake, na nyati hupita humo. Ombeni mabanda ya hifadhi mapema. Andikeni barua yenye muhuri wa shule kwa mhifadhi mkuu, mkiambatanisha majina na umri, kwa kuwa walio kati ya miaka 5 na 15 hutozwa kiingilio cha mtoto. Maji ya kunywa mchukue ya siku mbili kamili.

Mzazi wa Magomeni amejibu:

Nimesoma yote kwa makini, na nawashukuru wakubwa zangu. Hata hivyo, mimi kama mzazi sioni sababu ya kuwaingiza watoto 38 katika mto wenye mamba na viboko. Waone wanyama kwa gari, watembee ufukweni, warudi. Hicho kisa cha boti kukwama kimenitosha.

Mpiga Pondo amejibu:

Mzazi mwenzangu, hofu yako ina haki yake, na ningekuwa na shaka na mzazi asiyekuwa nayo. Lakini angalia kwamba kilichotukwamisha siku ile ni siku mbaya na saa mbaya, mambo ambayo yanajulikana mwezi mzima kabla ya safari. Watoto hawa wengi wao wataingia majini wakiwa wakubwa, watake wasitake, kwa kuwa ndiyo kazi ya baba zao. Napenda waione Wami kwanza wakiwa na jaketi, nahodha na mwalimu, wakifundishwa kiboko akaaje na mamba alale wapi. Asiyetaka mwanawe apande, mwalimu amweke katika kundi la mashamba ya chumvi, na asilazimishwe.

Mwalimu wa Dunda ameandika:

Nawashukuru sana, Mzee wa Miono, Binti wa Ushongo, Mpiga Pondo na mzazi mwenzetu. Ratiba ya kwanza nimeichana.

Tumekubaliana na mwalimu mkuu kwamba safari iwe ya siku mbili. Siku ya kwanza tutafika mchana, tutaona wanyama jioni na kulala katika mabanda. Siku ya pili saa mbili asubuhi makundi mawili yataingia mtoni na mengine mawili yatakwenda kwenye mashamba ya chumvi, halafu tutabadilishana, na saa saba tutaanza kurudi Bagamoyo. Wazazi watajaza fomu wakichagua kama mtoto apande boti au la. Madete tutaiendea iwapo askari atasema inafaa. Maziwe tumeiondoa. Nitaiandalia safari yake kutokea Pangani muhula mwingine, siku za bamvua, na nitakuja kumtafuta Binti wa Ushongo.

Leo niliandika ubaoni tarehe niliyokuwa nimeipendekeza, bila kuwaeleza watoto lolote kuhusu maji. Msichana mmoja anayekaa nyuma, ambaye baba yake ana ngalawa, alihesabu kwa vidole kisha akanyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, hiyo ni bamvua." Nilipomuuliza amejuaje, alisema mwezi umeandama Ijumaa iliyopita na siku hiyo utakuwa mpevu. Nimeifuta tarehe na kumpa chaki aandike yeye, na ameisogeza mbele kwa siku saba. Mpiga Pondo, naomba uitazame tarehe hiyo mpya katika jedwali lako la maji, nami nitawaandikia hifadhi kesho asubuhi.

Mpiga Pondo amejibu:

Nimeitazama. Maji yatajaa saa nne kasorobo. Mwambie huyo binti amepatia, na muwe mmekwisha kuvaa majaketi saa mbili kasorobo.